Kutoka Herufi hadi Baiti: Namna ya Kuhifadhi Maneno ya Rusizi katika Faili kwa Lugha ya Java

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza wasomaji wetu, walimu na wanafunzi wa Kiswahili, namna programu ya kompyuta inavyoandika data za baiti katika faili. Huenda wengine wakauliza: Kiswahili na programu za kompyuta, wapi na wapi? Jibu letu ni fupi. Utafiti wa lugha siku hizi huanzia mdomoni mwa msemaji na kuishia katika faili. Mwanafunzi husikiliza, huandika daftarini, hurekodi sauti, kisha jioni huyaingiza yote katika kompyuta. Tangu hapo hakuna tena anayemrudia msemaji. Sisi sote, pamoja na watakaokuja baada yetu, tutalisoma faili. Kama faili limeandikwa vibaya, basi tutakuwa tunafundisha na kuchambua maneno ambayo hayakusemwa na mtu yeyote.

Tutatumia lugha ya Java, ambayo hufundishwa katika vyuo vingi. Msomaji asiyejua programu asiogope. Tutaeleza kila hatua kwa maneno ya kawaida, na mifano yetu yote itatoka katika maneno tunayoyasikia hapa Rusizi.

Kwa nini jambo hili linatuhusu hapa Rusizi

Wilaya ya Rusizi, ambayo kabla ya mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Cyangugu, ipo mahali ambapo mto Rusizi unatoka katika Ziwa Kivu kuelekea Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya mto upo mji wa Bukavu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kusini, upande wa Bugarama, wilaya yetu inapakana pia na Burundi. Kwa hiyo katika soko la Kamembe mtu anaweza kusikia Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili cha namna zaidi ya moja katika mazungumzo yale yale.

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili kinachofundishwa darasani ni Kiswahili sanifu, lakini kinachosikika mpakani mara nyingi ni kile cha Kivu. Msemaji husema "mutoto" badala ya "mtoto", "batoto" badala ya "watoto", na huita shule "masomo". Huchanganya pia maneno ya Kifaransa, kama "préfet" kwa maana ya mkuu wa shule ya sekondari. Mtafiti wa fonolojia naye hupenda kutumia alama ya ŋ pale ambapo tahajia sanifu huandika ng'.

Mfano huo mdogo unatupa aina tatu za herufi: herufi za kawaida kama za "mutoto", herufi yenye alama juu yake kama é, na herufi ya wataalamu wa fonetiki, ŋ. Kwa jicho la binadamu zote ni herufi tu. Kwa kompyuta hazifanani hata kidogo, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Faili halina herufi ndani yake

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: faili halihifadhi herufi. Faili huhifadhi baiti tu. Baiti moja ni kundi la biti 8, nayo inaweza kubeba namba yoyote kuanzia 0 hadi 255. Faili la maneno, faili la picha na faili la sauti yote ni mfululizo wa namba kama hizo. Kinachotofautisha ni makubaliano ya namna ya kuzisoma.

Kanuni ya kugeuza herufi kuwa baiti tutaiita usimbaji. Usimbaji wa ASCII, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, una nafasi 128 tu. Ndani yake m ni 109, t ni 116 na o ni 111. Kwa hiyo "mtoto" huhifadhiwa kama 109 116 111 116 111, yaani baiti 5, na "mutoto" kama 109 117 116 111 116 111, yaani baiti 6. Irabu ile ya u inayotofautisha matamshi ya pwani na ya Kivu ni baiti moja tu yenye namba 117.

Kiswahili kina bahati hapa. Tahajia sanifu haina herufi zenye alama juu, na sauti kama ch, sh, th, dh, gh na ny huandikwa kwa kuunganisha herufi mbili. Hata ng' hutumia ritifaa ya kawaida. Kwa hiyo maandishi ya Kiswahili sanifu yanaweza kuandikwa yote kwa ASCII bila kupoteza chochote. Bahati hiyo imetufanya walimu wengi tusiwe na haja ya kufikiria usimbaji, mpaka siku tunapokutana na "préfet" au ŋ.

ASCII haina é wala ŋ. Baadaye zilikuja simbo za baiti moja zenye nafasi 256. Usimbaji uitwao ISO-8859-1, uliokusudiwa kwa lugha za Ulaya Magharibi, una é kwa namba 233, lakini hauna ŋ. Ndipo ukaja mfumo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ukiwa na lengo la kuipa kila herufi ya kila lugha namba yake. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, njia ya kuandika namba za Unicode kwa baiti moja hadi nne. Uzuri wa UTF-8 ni kwamba herufi zote za ASCII hubaki na baiti zile zile. "Mtoto" haibadiliki. Herufi é huwa baiti mbili, 195 na 169, na ŋ huwa 197 na 139.

Java, klasi na ngeli

Java ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Ni lugha inayozingatia vitu, maana yake programu hujengwa kwa vitu vinavyoagizana kazi. Kila kitu kina klasi yake, na klasi ndiyo inayotaja kitu hicho kinajua nini na kinaweza kufanya nini. Kazi ambazo kitu kinaweza kufanya huitwa metodi.

Mwalimu wa Kiswahili anaweza kulielewa jambo hili kwa kufikiria ngeli. Tukishajua kwamba nomino ipo katika ngeli ya KI-VI, tunajua upatanisho wake hata kama nomino yenyewe ni mpya masikioni mwetu. Vivyo hivyo, tukishajua kitu ni cha klasi fulani, tunajua metodi zinazokubaliana nacho hata kama hatujui kimejengwaje ndani. Tofauti ni kwamba klasi huweza kuwa na watoto wanaorithi kutoka kwa mzazi. Ngeli zetu hazirithishani namna hiyo.

Klasi mzazi inayotuhusu huitwa OutputStream. Jina lake linabeba taswira ya mkondo unaotiririka kwenda nje, kutoka kumbukumbu ya kompyuta hadi mahali pengine. Metodi yake kuu ni write, yaani andika. Watoto wake ni wengi. FileOutputStream hupeleka baiti katika faili. BufferedOutputStream hukusanya baiti kwanza na kuzipeleka kwa mafungu. DataOutputStream hujua kuandika namba kubwa kuliko baiti moja. Wote hawa hukubali agizo la write, kwa sababu wote wamelirithi kwa mzazi mmoja.

Tazama kwamba jamaa hii yote hushughulika na baiti, si herufi. Herufi zina jamaa nyingine, ya klasi iitwayo Writer. Anayechanganya jamaa hizi mbili ndiye anayepata matatizo tutakayoyaona hapa chini.

Programu fupi

Hii hapa ni programu inayoongeza neno moja katika faili liitwalo maneno.txt:

import java.io.*;
import java.nio.charset.StandardCharsets;

public class Maneno {
    public static void main(String[] args) throws IOException {
        String neno = "mutoto\n";
        byte[] baiti = neno.getBytes(StandardCharsets.UTF_8);
        try (OutputStream mto = new FileOutputStream("maneno.txt", true)) {
            mto.write(baiti);
        }
    }
}

Tuifuate hatua kwa hatua. Katika mstari unaoanza na String, tumeweka neno letu kama mfuatano wa herufi. Alama ya \n ni ya kushuka mstari, nayo ni baiti moja yenye namba 10. Mstari unaofuata ndio moyo wa programu. Metodi ya getBytes hugeuza herufi kuwa baiti, nasi tumeitajia waziwazi usimbaji tunaoutaka, UTF-8. Matokeo ni orodha ya baiti 7: sita za neno na moja ya kushuka mstari.

Kisha tunaumba kitu cha klasi ya FileOutputStream, nacho tumekiita mto. Neno true mwishoni mwa mabano ni dogo lakini lina uzito mkubwa, tutalirudia. Mwisho tunakiagiza kitu hicho kiandike. Neno try lenye mabano, ambalo liliingia Java 7 mwaka 2011, huhakikisha kwamba mto unafungwa kazi inapokwisha, hata kama kosa limetokea katikati.

Kwa nini tusiandike getBytes() tu, bila kutaja usimbaji? Kwa sababu hadi kabla ya Java 18, iliyotoka mwaka 2022, programu isiyotaja usimbaji ilichukua ule wa kompyuta inamoendeshwa. Kompyuta yenye Windows iliyotayarishwa kwa lugha za Ulaya Magharibi ilitumia Windows-1252, na yenye Linux kwa kawaida ilitumia UTF-8. Programu moja, neno moja, kompyuta mbili, baiti tofauti. Tangu Java 18 chaguo la kawaida ni UTF-8 kila mahali, lakini katika maabara nyingi bado zipo kompyuta zenye matoleo ya zamani. Kuutaja usimbaji hakugharimu kitu.

Msomaji atakayechapisha baiti za "préfet" kwenye skrini atashangaa kuona -61 na -87 mahali pa 195 na 169. Si kosa. Katika Java aina ya byte huhesabiwa kuanzia -128 hadi 127. Biti ni zile zile. Ukijumlisha 256 kwenye namba hasi utapata namba uliyoitarajia, na faili lenyewe halijali chochote kuhusu alama ya kutoa.

Ng'ombe anapogeuka kombe

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Tuseme mwanafunzi wa fonolojia ameandika neno la ng'ombe kwa alama ya fonetiki: "ŋombe". Hajui getBytes. Anaona metodi ya write inakubali kupokea kitu kimoja kimoja, basi anaamua kuandika herufi moja moja:

for (char h : neno.toCharArray()) {
    mto.write(h);
}

Programu hii haina kosa la kisarufi. Kompyuta inaikubali, inaiendesha, na faili linapatikana. Mwanafunzi akilifungua anakuta neno "Kombe".

Imekuwaje? Katika Unicode, ŋ ni namba 331. Metodi ya write inapopewa namba moja huchukua biti 8 za mwisho tu na kuzitupa zilizobaki, kwa sababu kazi yake ni kuandika baiti moja. Namba 331 ni 256 jumlisha 75. Ile 256 hutupwa, na 75 hubaki. Katika ASCII, 75 ni herufi kubwa K. Herufi nyingine za neno, yaani o, m, b na e, zipo ndani ya ASCII, kwa hiyo hazikuguswa.

Tunaomba wasomaji waupime uzito wa jambo hili. Hakuna ujumbe wa kosa uliotokea. Hakuna alama ya ajabu katika faili. Kuna neno halali la Kiswahili, ambalo hata programu ya kukagua tahajia italipitisha. Mchambuzi atakayelipokea faili hilo miaka kumi baadaye hatakuwa na njia ya kujua kwamba msemaji alizungumzia mifugo na si chombo cha kunywea wala zawadi ya mpira. Biti iliyotupwa haikuandikwa popote, na hakuna programu inayoweza kuirudisha.

Kosa hili pia hujificha vizuri. Mtu akiijaribu programu kwa neno "mutoto", matokeo yatakuwa sahihi. Akiijaribu kwa "préfet", é ambayo ni 233 itaandikwa kama baiti moja ya 233, na programu inayosoma kwa ISO-8859-1 itaionyesha sawasawa. Atadhani kila kitu ni salama. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba anayejaribu programu ya kuhifadhi lugha aijaribu kwa herufi ngumu kabisa alizo nazo, si kwa zile nyepesi.

Njia ya pili ya kumpoteza ng'ombe ni kuchagua usimbaji usio na herufi hiyo. Tukiandika neno.getBytes(StandardCharsets.ISO_8859_1), Java haitalalamika. Itaweka alama ya kuuliza, baiti 63, mahali pa ŋ, na faili litakuwa na "?ombe". Hapa angalau macho yataona kasoro, lakini herufi yenyewe imepotea vilevile.

Kuna kasoro ya tatu ambayo inaonekana mbaya zaidi lakini kwa kweli ni nyepesi. Faili limeandikwa vizuri kwa UTF-8, ila linasomwa kwa Windows-1252. Hapo "préfet" huonekana "prÃ©fet", na "ŋombe" huonekana "Å‹ombe". Wengi wakiona hivyo hukimbilia kufuta na kuandika upya. Wasifanye hivyo. Baiti zote zipo salama. Kinachotakiwa ni kuliambia lile dirisha la kusomea litumie UTF-8. Kwa hiyo tutofautishe: faili lililoharibika wakati wa kuandikwa halina dawa, na faili linalosomwa vibaya lina dawa.

Ritifaa mbili zinazofanana

Huenda mwalimu akasema: mimi situmii ŋ, naandika ng' kama kitabu kinavyotaka. Bado hajasalimika. Programu za kuchapia kama Microsoft Word kwa kawaida huibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, bila kumwuliza mwandishi. Kwa macho, ng'ombe na ng’ombe ni neno moja. Katika faili ni maneno mawili:

ng'ombe yenye ritifaa iliyonyooka: baiti 7 kwa UTF-8, ritifaa ni 39.
ng’ombe yenye ritifaa iliyopinda: baiti 9 kwa UTF-8, ritifaa ni 226 128 153.
ng’ombe yenye ritifaa iliyopinda, kwa Windows-1252: baiti 7, ritifaa ni 146.

Matokeo yake ni kwamba anayetafuta "ng'ombe" katika mkusanyiko wa maandishi atapata sehemu tu ya mifano iliyomo. Anayehesabu mara neno linapotokea ataligawa neno moja katika mafungu mawili. Anayetengeneza kamusi atapata vidahizo viwili. Na tatizo si la Kiswahili peke yake. Kinyarwanda hutumia ritifaa mara nyingi zaidi, kama katika "Repubulika y'u Rwanda", kwa hiyo wenzetu wa lugha hiyo nao wamo katika mtego huu.

Dawa ni kuchagua ritifaa moja na kuisawazisha kabla ya kugeuza herufi kuwa baiti:

neno = neno.replace('\u2019', '\'');

Hapa \u2019 ni namna ya kuitaja ritifaa iliyopinda kwa namba yake ya Unicode bila kuiandika yenyewe. Tunapendekeza kutumia namba hizo ndani ya programu. Faili la programu nalo ni faili la baiti, na linaweza kusomwa vibaya kama mengine. Kwa sababu hiyo hiyo ni salama kuandika "\u014Bombe" ndani ya programu kuliko kuandika "ŋombe".

Faili linapofutwa bila kuamriwa

Tulisema tutalirudia neno true. Tukiandika new FileOutputStream("maneno.txt") bila neno hilo, na faili lenye jina hilo likawa lipo tayari, Java hulifuta lote wakati wa kulifungua. Halisubiri hata tuandike baiti moja. Orodha ya maneno ya muhula mzima huondoka kwa kufungua tu. Neno true humaanisha: usiguse kilichomo, ongeza mwishoni. Kwa kazi ya kukusanya maneno siku hadi siku, hili ndilo tunalolitaka.

Hatari nyingine ni umeme. FileOutputStream hupeleka baiti kwenye mfumo wa kompyuta kila inapoagizwa, jambo ambalo huchelewesha kazi pakiwa na maneno mengi. Kwa hiyo watu huizungushia BufferedOutputStream, ambayo kwa kawaida hukusanya baiti hadi 8192 kabla ya kuzipeleka. Ni kama dereva wa taksi anayesubiri gari lijae. Mstari wa "mutoto" ni baiti 7, kwa hiyo zaidi ya mistari 1100 kama huo inaweza kuwa ndani ya gari bado haijaondoka. Programu ikisimama ghafla wakati huo, yote hupotea, ingawa mwanafunzi aliona kwenye skrini kwamba ameyaandika. Metodi ya flush huliondoa gari hata kama halijajaa, na metodi ya close huliondoa na kufunga safari. Kwa data zilizokusanywa kwa jasho, tunashauri flush iitwe baada ya kila msemaji mmoja, na mto ufungwe kila mara kwa try tuliyoionyesha.

Sauti: baiti ambazo si herufi

Mambo tuliyoyasema kuhusu usimbaji yanahusu maandishi. Sauti ni tofauti. Rekodi ya faili la WAV yenye sampuli 44100 kwa sekunde, kila sampuli ikiwa na baiti 2 na njia moja ya sauti, huchukua baiti 88200 kwa sekunde, au baiti 5292000 kwa dakika. Hakuna baiti hata moja kati ya hizo za sauti iliyo herufi. Kwa hiyo rekodi isigeuzwe kamwe kuwa String na kurudishwa. Java ikikutana na baiti zisizolingana na UTF-8 huweka alama ya mbadala, ambayo ikiandikwa huwa baiti 239 191 189, na sauti ya msemaji hugeuka kelele. Rekodi isomwe kama baiti na iandikwe kama baiti.

Jambo la pili kuhusu sauti ni mpangilio wa baiti katika namba kubwa. Namba 44100 haiingii katika baiti moja. Inahitaji 172 na 68. Ipi itangulie? DataOutputStream ya Java hutanguliza kubwa: 0 0 172 68. Faili la WAV hutaka ndogo itangulie: 68 172 0 0. Wasomaji wanaojua Kiarabu hawatashangaa, kwani Mwarabu husema "tatu na ishirini" pale sisi tunaposema "ishirini na tatu", na wote wawili wamehesabu sawa. Lakini kompyuta haina busara hiyo. Ikisoma kwa mpangilio usio wake, itadhani rekodi ina sampuli zaidi ya bilioni moja kwa sekunde, nayo haitacheza kitu cha maana.

Ushauri wetu

Kwa kuhitimisha, tunawaomba walimu wanaosimamia kazi za utafiti wazingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, kila faili la maandishi liandikwe kwa UTF-8, na usimbaji utajwe waziwazi katika programu. Pili, kila mkusanyiko uwe na faili fupi la maelezo, kwa mfano SOMA.txt, linalotaja usimbaji uliotumika, aina ya ritifaa, kama sauti ya ng' imeandikwa kwa ŋ au kwa ng', na tarehe ya kukusanya. Faili hilo lenyewe liandikwe kwa herufi za ASCII tu, ili lisomeke popote. Tatu, programu ijaribiwe kwa "ŋombe", "préfet" na "ng’ombe" kabla ya kuaminiwa na maneno ya watu. Nne, nakala moja ya rekodi na maandishi ya awali ibaki bila kuguswa, na usawazishaji wowote ufanywe katika nakala nyingine.

Walimu wa fasihi simulizi wamekuwa wakituonya kwamba anayenukuu maneno ya mzee hana ruhusa ya kuyabadilisha. Kompyuta hubadilisha bila nia mbaya, na kimya kimya. Jukumu la kulinda neno bado ni letu.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Hesabu baiti za maneno "Cyangugu", "batoto" na "préfet" kwa UTF-8 na kwa ISO-8859-1. Ni neno lipi linalotofautiana, na kwa nini?

2. Andika programu inayofungua maneno.txt bila neno true, isiandike chochote, kisha ifunge. Linganisha ukubwa wa faili kabla na baada. Tumia faili la majaribio tu.

3. Chukua ukurasa mmoja wa Kiswahili uliouchapa mwenyewe. Hesabu ritifaa zilizonyooka na zilizopinda, uone kama una aina moja au mbili.